Seva Isiyozimwa

Wahenga hawakumung'unya maneno waliposema kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Walimlenga mtu anayejifunika shuka huku kidonda kikimla. Laiti wangeishi hadi leo, wangemwona pia mkuu wa idara ya kompyuta katika hospitali moja kubwa, ambaye wafanyakazi walimbandika jina la Bwana Shwari, kwa kuwa kila ripoti yake ilianza na kuisha kwa maneno mawili: hali shwari.

Katika chumba chake chenye baridi ya kiyoyozi ilikaa seva, kompyuta kuu iliyotunza kumbukumbu za wagonjwa wote. Mafaili ya karatasi yalikwisha kuchomwa kwa amri yake. Miezi kumi na mmoja kabla ya siku ninayoisimulia, fundi wa seva, mwanamke asiyejua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, alimwendea mbio.

"Mkuu, diski inaharibika. Kuna kumbukumbu hazisomeki tena. Tuizime siku moja tu, tuikague, tutoe nakala safi kabla ubovu haujaenea."

"Wiki hii ya ukaguzi? Unataka kuniaibisha! Kwani haiwaki?"

"Inawaka, lakini..."

"Basi! Iamuru iziruke hizo mbovu, na hayo maonyo yasimfikie mtu. Mashine isiyozimwa haifi."

Fundi alikataa katakata. Bwana Shwari akaketi mwenyewe, akaandika amri hizo kwa mikono yake, kisha akabandika mlangoni karatasi yenye herufi nene: USIIZIME. Hebu fikiria! Mgonjwa analalamika, nawe unamziba mdomo, halafu unatembea kifua mbele ukijisifu kwamba amepona. Nakala za akiba nazo ziliendelea kubeba ubovu ule ule kila siku, hadi nakala ya mwisho iliyokuwa salama ikafutwa, nafasi yake ikachukuliwa na mbovu, bila mtu kutanabahi.

Asubuhi moja umeme ulikatika. Jenereta ilichelewa kuwaka, betri ikaisha, seva ikazimika. Umeme uliporudi, seva iliwaka, ikaanza kujikagua, ikafika kwenye kumbukumbu zilizoharibika, ikaanguka. Wakaiwasha tena, ikaanguka pale pale. Waliiwasha mara tisa, na mara zote tisa ilianguka pale pale.

Wakati huohuo, nje ya chumba cha upasuaji alilazwa binti wa miaka kumi na mmoja, kidole tumbo kimemvimba. Mama yake, mshonaji wa nguo, alikuwa amesimama mlangoni kama nguzo.

"Daktari, mwanangu alipokuwa na miaka minne mlimpa dawa ya usingizi hapahapa, akavimba uso, nusura afe. Msimpe tena ile!"

"Dawa gani, mama?"

"Mimi nitaijuaje? Mliniambia mmeiandika kwenye kompyuta, nisiwe na wasiwasi!"

Daktari akapiga simu idara ya kompyuta. "Hali shwari, daktari," akajibiwa. "Dakika kumi tu." Zilipopita akapiga tena, akaambiwa dakika kumi nyingine. Masaa matatu yaliyeyuka hivyo, binti akijikunja kwa maumivu na mama akimfuta jasho kwa kiganja.

Fundi alishindwa kuvumilia. Alimwacha mkuu wake akibonyeza vitufe, akapanda ngazi mbio.

"Daktari, usisubiri! Seva haitaamka leo, na huenda kumbukumbu ya mtoto huyu haipo tena. Anayekuambia dakika kumi anakudanganya."

"Ina maana nimemlaza mtoto huyu masaa matatu kwa ajili ya uongo?" Daktari alifoka, akaamuru ganzi ya mgongoni badala ya dawa ya usingizi, njia aliyokuwa akiikwepa kwa mtoto aliyejaa hofu vile. Binti alipasuliwa macho yakiwa wazi, akiuliza kama mama yupo. Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Alipona, ndiyo, lakini baada ya kurudishwa mezani mara mbili na kulala wodini majuma sita, kwa ugonjwa ambao ungemalizwa kwa siku tatu.

Mkurugenzi wa hospitali alipoitisha kikao, mama wa binti naye akiwapo, Bwana Shwari alikohoa kidogo, akarekebisha tai. "Mheshimiwa mkurugenzi, mashine ilikufa ghafla. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Usimsingizie Mungu!" mama akainuka. "Mungu hana ofisi hapa!"

Fundi akaweka mezani bunda la karatasi. Maonyo yalizuiwa yasiwafikie watu, lakini seva haikuacha kuyaandika katika faili lake dogo, nalo lilisalimika. Maonyo zaidi ya elfu nne! Juu kabisa ilikuwapo amri ya kuyanyamazisha, pamoja na tarehe na jina la aliyeitoa. Mkurugenzi aliisoma kwa sauti hadi kwenye jina, akamsogezea Bwana Shwari karatasi.

"Ghafla gani hii ya miezi kumi na mmoja?" mama aliuliza.

Bwana Shwari aliitazama karatasi ile yenye jina lake. Aliinyima seva sauti ilipokuwa hai, nayo ilipokufa ikamtaja kwa jina mbele ya mama wa mtoto. Ama kweli, mficha maradhi, kifo humuumbua.