Fundi Aliyezima Umeme Kimya Kimya

Wapendwa, leo nina mfano, na si wa kuchekesha.

Kulikuwa na fundi mmoja wa viyoyozi, kazi anaijua hasa. Mama yake alikuwa anasumbuliwa na kikohozi, na kiyoyozi cha chumbani kwake kilikuwa kimejaa vumbi na ukungu. Jumamosi moja akaenda kukisafisha. Akafanya kama alivyofundishwa: akashusha swichi kubwa ya ukumbini, nyumba nzima ikakosa umeme, ndipo akapanda ngazi.

Mama akamfuata, akamuuliza amsaidie nini.

"Mama, wewe kapumzike tu. Mambo ya umeme huyawezi, niachie mimi."

Mama akaondoka. Lakini niambieni, mama gani atapumzika huku anamsikia mwanawe akipiga chafya kwa vumbi la chumba chake? Akaingia jikoni amtengenezee juisi ya pasheni. Akaandaa, akatia kwenye blenda, akabonyeza. Kimya. Akatoka ukumbini, akaikuta swichi imeshuka, kama ilivyozoea kushuka yenyewe. Akaipandisha.

Kule chumbani fundi alikuwa amefungua kifuniko cha nyaya, mikono imelowa maji. Alipoanguka chini, alikuwa ameshakufa.

Msibani watu walinong'ona. Wengine, bila haya, walisema bibi huyu kamuua mwanawe. Naye hakujitetea. Alisema tu, "Angeniambia, ningekaa chini ya ile swichi mpaka amalize. Nani angeigusa?"

Naona mmeinamisha vichwa. Mnamhurumia mama, nami namhurumia mpaka moyo unauma. Lakini yule fundi, pamoja na upendo wake wote, mimi namlaumu. Alihitaji maneno matatu tu: Mama, usiwashe umeme. Hakuyasema, kwa sababu machoni pake mama alikuwa mtu wa kuhudumiwa, si mtu wa kuambiwa.

Na sisi je? Tunawanyamazia watu wetu, kisha tunajisifu kwamba tunawakinga. Baba, wewe uliyekaa hapo, daktari alikwambia habari ya presha, ukarudi nyumbani ukanyamaza. Hukutaka kumtia mkeo wasiwasi, sivyo? Basi mchana huu atakupikia, na kwa mapenzi yake yote atakukolezea chumvi. Siku tukikuzika, mwanamke yule tutamwambia nini?