Mpishi Aliyezaliwa Ukutani

Hapo zamani, enzi ambazo miji ilikuwa na malango yakifungwa kwa makomeo, palikuwa na mji ukiitwa Tumbitu, na mtawala wake alikuwa Sultani Mwinyikondo. Sultani huyu alikuwa mtu mwema, ila alipenda kula kuliko alivyopenda kufikiri. Basi ikawa mpishi wake mkuu akafariki, na wenyeji wakaja barazani wakamlalamikia, wakasema, "Bwana wetu, marehemu baba yako aliwaleta watu wa mbali wakashika kazi zote za jumba hili, tangu upishi hata kufagia ua. Sisi watoto wa mji tumebaki kutazama."

Sultani akaona maneno yao yana haki. Akamwambia Waziri Nasoro, "Piga mbiu. Kuanzia hii ya upishi, kila kazi ya jumba hili ataiomba mzaliwa wa mji huu peke yake. Mgeni asisogee."

Mbiu ikapigwa. Lakini wanaume wa Tumbitu tangu babu zao walikuwa wasokota kamba, na walioijua kazi ya jikoni ni wake zao, ambao hawakuwa na nafasi ya kwenda kuwapikia watu mia. Akajitokeza mtu mmoja tu, Kheri Mkumba, naye alijitokeza kwa kusukumwa na mkewe aliyetaka kuitwa mke wa mpishi mkuu. Akakabidhiwa mwiko. Siku ya kwanza wali ukaungua. Siku ya pili ukawa mbichi. Siku ya tatu ukawa umeungua chini na mbichi juu, na Sultani akala ndizi.

Siku hizo akafika mjini maskini mmoja jina lake Machano. Huyu alikuwa mpishi wa harusi ng'ambo ya mto, hata mafuriko yakaja yakachukua vyungu vyake vyote, akabaki na shuka moja na ulimi wake. Alikuwa hajala siku mbili. Akaingia barazani, akainama, akasema, "Bwana wangu, nimesikia unatafuta mpishi."

Sultani akamwuliza, "Umezaliwa wapi?"

"Ng'ambo ya mto, bwana wangu. Lakini wali wangu hauulizi mto."

"Mimi nauliza," akasema Sultani, na watu wakacheka. Naye alipoona wamecheka, akaongeza maneno ili wacheke tena, akasema, "Siku utakapozaliwa ndani ya ukuta wa mji huu, njoo uchukue mwiko. Naapa mbele ya watu hawa wote, na karani aandike."

Karani akaandika. Walinzi wakamshika Machano mkono, wakamtoa nje ya lango, wakatia komeo.

Machano akakaa chini, akashika tumbo, akayarudia maneno ya Sultani moja moja. Kisha akainuka, akaufuata ukuta kwa nje, akiupapasa kama mtu anayetafuta mlango. Ukuta ule ulikuwa mnene, mikono mitano kwa unene, na chini yake palikuwa na tundu la kutolea maji ya mvua. Akaingiza kichwa, akatambaa hata katikati, na mabega yake yakakwama.

Upande wa ndani alikuwapo bibi mmoja akisuuza vitambaa. Akasikia sauti ikisema, "Shikamoo, mama. Wewe ni nani?"

"Marahaba. Mimi ni Mwanakheri, mkunga wa mji huu. Na wewe uliye humo ni nani?"

"Bado sijazaliwa, mama, kwa hiyo sina jina."

Machano akamweleza habari yote. Bi Mwanakheri akasikiliza, kisha akasema, "Kuzaliwa kunataka tumbo, mwanangu."

"Sultani hakutaja tumbo, mama. Alitaja ukuta, na karani ameandika."

Bi Mwanakheri alikuwa amezalisha miaka hamsini, akadhani ameona yote. Akakunja mikono ya nguo yake, akaagiza maji ya moto na mafuta ya nazi. Majirani wakajaa. Ikawa kazi ngumu, tangu asubuhi hata adhuhuri, kwa kuwa mabega hayakutaka kupita. Wanawake wakashikana viuno, wakavuta, na Bi Mwanakheri akawa akimwambia Machano lini ajisukume na lini apumzike. Hatimaye akatoka kwa mkupuo, amejaa matope, bega moja limechubuka. Bi Mwanakheri akampiga kofi mgongoni, naye akalia kilio cha kweli, kwa maana bega lilikuwa likimwasha. Akaoshwa, akafungwa nguo, na wanawake wakapiga vigelegele.

Sasa, Tumbitu ilikuwa na desturi iliyowekwa na babu yake Sultani, kwamba kila mtoto azaliwaye ndani ya ukuta apelekewe kutoka jumbani uji, asali na kuku mmoja kwa siku, hata atimize arubaini. Bi Mwanakheri akatuma habari, na watumishi hawakuthubutu kuvunja desturi. Basi Machano akalala barazani kwa mkunga, amefungwa nguo hadi kidevuni, akila kuku, na huko jumbani Sultani akila ndizi. Hata Kheri Mkumba akawa akipita jioni kuja kuonja, akimwomba Machano akue upesi.

Siku ya arubaini, zikiwa zimebaki siku tatu binti yake Sultani aolewe, Bi Mwanakheri akampeleka mtoto kuonyeshwa, kama ilivyo desturi. Sultani akamtazama mtoto mwenye ndevu, akasema kwa hasira, "Ni mchezo gani huu? Mama yake ni nani?"

"Ukuta wako, bwana wangu," akajibu Machano. "Na kwa kuwa ukuta huo ulijengwa na babu yako, naona mimi na wewe ni ndugu, ila sikuja kwa ajili ya urithi."

Waziri Nasoro akasema, "Bwana, huyu bibi ni mwongo, hapana mtu aliyezaliwa."

Bi Mwanakheri akamgeukia Sultani. "Mwanangu," akasema, "mikono hii ndiyo iliyokupokea wewe. Nami peke yangu ndiye niliye hai katika waliokuwamo chumbani. Ikiwa neno langu halifai, basi hata wewe hatujui umezaliwa wapi, na kazi yako nayo itafutiwe mtu."

Sultani akatafuta pa kutokea, akasema, "Na iwe amezaliwa. Mtoto wa siku arubaini hajui kupika."

"Ni kweli, bwana wangu," akasema Machano. "Basi kuku waendelee kuja miaka ishirini, nami nitakua. Au nipe mwiko leo."

Tumbo la Sultani likaanza kutikisika kwa kicheko, akacheka hata kilemba kikaanguka, akasema, "Mpeni mwiko, kabla hajaota meno nikashindwa kumlisha."

Kheri Mkumba alikuwa wa kwanza kuuleta, akaurudisha kwa mikono miwili, akaenda zake kwenye kamba. Harusi ikafanyika, na wageni wakala hata wakasahau kumtazama bibi harusi.

Lakini kesho yake walinzi wakaja mbio kumwambia Sultani kwamba watu kumi na mmoja kutoka ng'ambo wamepanga foleni nje ya ukuta, kila mmoja akitaka kuzaliwa, na wa kwanza, seremala mnene, amekwama tunduni, hasogei mbele wala nyuma, na Bi Mwanakheri amesema amechoka.

Sultani akamwita Waziri Nasoro, akasema, "Lizibeni tundu lile, baada ya kumtoa. Kisha piga mbiu nyingine. Kila kazi itakayotokea, wenyeji waambiwe kwanza, na wapewe siku saba wajifunze na wajaribu. Siku ya nane lango lifunguliwe kwa yeyote. Mwenye kutaka upishi na alete chungu chake, mwenye kutaka useremala na alete randa. Mkunga wangu asisumbuliwe tena."

Ikawa hivyo Tumbitu, na aliyenisimulia alikuwa mmoja wa waliomvuta seremala.