Kobe na Kakakuona Ukingoni mwa Korongo

Paukwa!

Pakawa!

Sikilizeni basi, wakubwa kwa wadogo.

Hapo zamani za kale, Kobe aliishi peke yake chini ya mlima, karibu na korongo refu. Alilala chini ya mgunga uliotoa ulimbo, na gamba lake lilinata. Ukimgusa, umenasa. Basi wanyama wote wakampitia mbali.

Kobe akawa anatazama mawe. Yaliporomoka mlimani, gurugudu, gurugudu. Jiwe likigonga jiwe kavu, pa! lile lililogongwa liliruka likatumbukia korongoni. Likigonga jiwe lenye ulimbo, yaligandana, yakaenda pamoja, polepole zaidi. Penye mwamba laini yaliteleza hadi yakaanguka. Penye changarawe yaliburuzika, krrr, yakasimama. Kobe alihesabu hatua ambazo mawe yaliyogandana huburuzika kabla ya kusimama: kumi. Hakuwa na wa kumweleza.

Asubuhi moja, Chui alimfukuza Kakakuona huko juu. Kakakuona akajikunja kwa hofu, akaporomoka. Gurugudu, gurugudu. Kobe akajua hilo si jiwe, maana lilikuwa linalia.

Pale alipokuwa Kobe palikuwa na mwamba laini. Akigongwa pale, wataanguka wote wawili. Akajivuta, akajivuta, hadi kwenye changarawe, njiani mwa Kakakuona. Akatazama nyuma: hatua kumi na mbili, kisha korongo. Akaingiza kichwa ndani, akangoja.

Puu! Kakakuona akamgonga, akanasa. Wakaburuzika pamoja, krrr, krrr, krr, kr. Wakasimama. Nyuma yao ilibaki hatua moja.

Kakakuona akauliza, "Ulijua tutasimama?"

"Sikujua. Nilihesabu mawe, na sisi si mawe."

"Mbona basi hukukaa pembeni?"

Kobe akachomoza kichwa. Kisha akasema, "Nimeona mengi yakianguka peke yake."

Wakakaa vile, wamegandana, hadi adhuhuri. Kobe alisikia pumzi ya mwenzake mgongoni. Hakuwahi kuisikia pumzi ya mwingine. Jua likalainisha ulimbo, Kakakuona akabanduka. Akamshukuru, akasema watoto wanamngoja, akaenda zake.

Kobe akasikiliza nyayo zake hadi zikapotea. Kisha akageuka, akautazama mburuzo kwenye changarawe. Ulikuwa mburuzo mmoja, uliochorwa na wawili. Akakaa kando yake mpaka jua likatua.

Wanangu, pigo likipokelewa na wawili hupungua nguvu. Na aliyekupokea ulipoporomoka, usimwache akae peke yake.

Hadithi yangu imesimama hapo, nami nimenyamaza.