Shamba Ambalo Baba Hakuwahi Kuliona

Wapendwa, na hasa ninyi vijana mliojibana kwenye mabenchi ya nyuma, hii ni yenu. Lakini wazazi msisinzie.

Alikuwepo baba mmoja pale Moshi, fundi seremala, mtu wa sala, na binti yake wa miaka kumi na sita. Binti alisuka watu nywele likizo nzima, na hela yote aliyopata akaenda kubeti mpira kwa simu. Mkeka wa mechi alizobashiri ukachanika, maana timu moja ilifungwa. Hakubakiwa na kitu.

Baba alipojua, alifoka mpaka majirani wakatoka nje. "Mwanangu unacheza kamari! Mimi hela yangu naiwekeza. Iko Mang'ola kwenye shamba la vitunguu, inazaa!" Na kweli, akiba yote ya kumsomesha huyo binti alikuwa ameituma huko.

Binti akalia, akaomba msamaha. Alipotulia akasema, kwa heshima kabisa, "Basi nifundishe, baba. Shamba lenyewe lina ukubwa gani?"

"Ni kubwa."

"Maji yanatoka wapi?"

"Maji yapo."

"Mara ya mwisho uliliona lini?"

Baba hakuwahi kufika. Rafiki yake alimwambia vitunguu vinalipa mara tatu, akampa namba ya mama mmoja mkulima, naye akatuma hela. Basi.

"Hata mimi," binti akasema taratibu, "rafiki yangu aliniambia ile timu haifungwi."

Niwaulize, ndugu zangu: hapo mwekezaji ni nani, na mcheza kamari ni nani?

Jumamosi wakapanda basi kwenda Mang'ola. Njia nzima baba hajui hata kama shamba lipo.

Lilikuwepo. Na yule mama alikuwa mwaminifu. Lakini majani ya vitunguu yamelala chini, na upande mmoja umekauka kabisa.

"Mfereji umeziba kule juu," mama akasema. "Peke yangu siuwezi. Nimekupigia simu mpaka nimechoka, kaka yangu. Kila nikipiga unaniambia, vikikomaa nijulishe."

Baba alikunja suruali akaingia mferejini. Binti akashika jembe. Walitoa tope na matawi mpaka jua likapoa, na maji yakaanza kuteremka, yakaingia jaruba la kwanza la vitunguu, kisha la pili. Binti akasimama anayatazama.

"Baba," akasema, "ule mpira mimi nilikuwa naangalia tu. Hakuna nilichoweza kufanya."

Mnataka kujua kama walitajirika? Hapana. Upande uliokauka haukurudi, na hela waliyopata ilikuwa pungufu ya ile waliyoweka. Uwekezaji nao una hasara, vijana, asiwadanganye mtu. Lakini baba alirudi nyumbani anajua mfereji unazibia wapi, na msimu uliofuata alifika shambani kabla ya mbegu. Binti je, ule mkeka uliochanika ulimfundisha nini cha kumsaidia kwenye mkeka mwingine?

Kijana, kabla hujatoa hela yako, jiulize: kesho asubuhi kuna kazi gani naweza kuifanya, au jambo gani naweza kujifunza, ili hela hii izae? Kama jibu ni kukaa na kusubiri bahati, hiyo ni kamari, hata mtu akuandikie neno uwekezaji kwa herufi kubwa. Na ukishinda siku moja, ogopa zaidi, maana utarudi.

Sasa sisi wazazi. Mlikuwa mnatikisa vichwa nilipomtaja yule binti, niliwaona. Lakini wangapi humu tumetuma hela kwa watu tusiowajua, kwa biashara tusiyoielewa, kwa sababu tu tuliahidiwa itaongezeka haraka? Halafu tunasema tumemwachia Mungu. Mungu ametupa mvua, ametupa udongo, ametupa na mikono. Hajatuomba tumwachie tope la mfereji.

Yule baba alipata neema kubwa: mtoto alimuuliza, naye akakubali kupanda basi. Leo tukitoka hapa, mtoto wako akikuuliza, "Baba, mama, hela yetu iko wapi?" je, utampeleka ukamwonyeshe, au utamfokea?