Pimbi na Kete Nyeusi

Mwaka ule mvua iligoma kabisa, nyika nzima ikabakiwa na kisima kimoja, nacho kilikuwa mlangoni mwa Simba. Simba hakutaka kuitwa mchoyo, ila kugawa maji bure aliona ni kujishusha. Akaamuru kila mwenye kiu acheze naye sataranji. Atakayemshinda, ukoo wake utakunywa mpaka masika. Atakayeshindwa, chakula chake cha jioni atapewa mtunza ubao, naye ni Fisi. Kete nyeupe, zile zinazoanza, zilikuwa za Simba siku zote, kwa sababu mfalme hawezi kuwa wa pili.

Fisi akafungua darasa la kuwafundisha wachezaji wapya wa kete nyeusi.

"Ufunguzi wangu unaitwa Meza Kwanza," alisema. "Mtoe malkia upesi, ale kila askari anayemwona. Kufikiri utafikiri ukishashiba."

Nyumbu akashindwa, Kanga akashindwa, Ngiri akashindwa vibaya zaidi. Fisi akazidi kunenepa katikati ya kiangazi, na wanafunzi wake, masikini, wakampongeza kwa afya njema.

Zamu ikamfikia Bi Pimbi, mama wa watoto watatu ambao ndimi zao zilikuwa zimekauka kama magome. Pimbi ni mwoga, hata kivuli chake hukisalimia kwa mbali. Alikuwa akijifunza Meza Kwanza huku anatetemeka, Sungura akapita.

"Mama, huo ufunguzi unauweza kweli?"

"Siuwezi, mwanangu. Malkia akitoka tu, natamani arudi ndani."

"Sasa roho ya Fisi unaiazima ya nini? Wewe nyumbani ukihisi hatari unafanyaje?"

"Naweka mlinzi mlangoni, nawatoa wakubwa watazame, halafu najichimbia mwambani."

"Cheza hivyo hivyo."

Akamwonyesha. Askari mmoja amzibie njia askari wa Simba, farasi wote wawili watoke, tembo apishe njia, kisha mfalme ajifiche pembeni nyuma ya ngome.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu. Mengine utajifunza ukishakunywa maji."

Siku ya mchezo Simba alisukuma askari wa mbele ya mfalme hatua mbili, akatikisa manyoya. Pimbi akamziba. Fisi akakohoa pembeni, "Malkia, mama, malkia." Pimbi akajifanya kiziwi. Akatoa farasi, akatoa na mwenzake, akamtoa tembo, akamficha mfalme. Wanyama wakaangua kicheko.

"Mfalme anajificha?" Simba akauliza.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Kwetu tunajificha."

"Wangu hajifichi." Akamsogeza mfalme wake mpaka katikati ya ubao, aonekane vizuri. Akaonekana kweli. Farasi wa Pimbi walimwona, ngome ikamwona, na malkia, aliyekuwa ametulia nyumbani muda wote, akamwona kuliko wote.

"Mheshimiwa," Pimbi akasema kwa sauti ndogo, "naona mfalme wako hana pa kwenda."

Simba akanuna, lakini ahadi aliitoa mbele ya watu. Alihitaji sana kumshinda mtu, na Sungura aliliona hilo.

"Mheshimiwa, mbona mwalimu mwenyewe hajawahi kushika kete nyeusi?"

"Fisi, keti," Simba akasema.

"Mimi ni wa kufundisha tu, Mheshimiwa."

"Keti. Na ucheze Meza Kwanza."

Malkia wa Fisi akala askari wa kwanza, akala wa pili. Kando ya wa tatu palikuwa na farasi wa Simba anamsubiri. Fisi alimwona. Mate yakamtoka, akala hivyo hivyo, na malkia wake akaishia hapo. Simba akafurahi mno, akampa Pimbi kazi ya kutunza ubao, na akiba yote ya chakula aliyojiwekea Fisi ikarudishwa kwa wanafunzi wake.

Hadithi yangu imefika kisimani, mwenye kiu ainame. Anayeanza mchezo achague mwanzo unaofanana naye, wala asifundishwe na mwalimu anayeshiba mwanafunzi anaposhindwa. Jioni ile watoto wa Pimbi walikunywa mpaka wakapata kwikwi. Fisi hakushiba, kwa hiyo ikambidi afikiri.