Kompyuta Arobaini na Mlango wa Makamu

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni zamani ya juzi ambayo waliokuwapo bado hawasalimiani, palikuwa na chuo cha wauguzi kwenye nchi ya milima na mashamba ya chai. Chuoni hapo alikuwapo fundi wa kompyuta aliyeitwa Tumpale, mwanamke mwenye mikono ya taratibu na moyo wa pilipili.

Jumatatu moja lori likashusha kompyuta mpya arobaini. Mpya kweli, lakini tupu: hazina mfumo, hazina programu, hazina kitu. Na Ijumaa saa mbili asubuhi wanafunzi arobaini walitakiwa kuzikalia wafanye mtihani wa kumaliza. Atakayekosa kompyuta, basi, mpaka mwaka ujao.

Kati ya hao arobaini alikuwamo Sekela, mama wa watoto watatu. Alikuwa amedeki wodi miaka kumi na miwili kabla ya kupata nafasi ya kusoma. Zahanati ya kwao ilikuwa imemwambia: tunakungoja uje na cheti mwezi wa saba, zaidi ya hapo hatungoji.

Kazi ya Tumpale ilikuwa kuchukua mfumo uliokuwa kwenye seva, ile kompyuta mama iliyoko jengo la utawala, na kuupitisha kwenye waya hadi maabara, uingie katika kila kompyuta. Alijua kompyuta moja humaliza kwa dakika tano. Jumanne mchana akaanza. Dakika tano zikapita: asilimia moja. Nusu saa: asilimia saba. Akapiga hesabu akashtuka. Saa saba kwa kompyuta moja!

Mkuu wa chuo alikuwa likizo, na usukani alikuwa ameushika makamu wake, Bwana Mwasote. Akaja maabara na wageni nyuma yake, akautazama mstari wa asilimia unaotambaa kwenye kioo.

"Kompyuta mpya, fundi kuukuu!" akasema. Wageni wakacheka. "Na usihamishe hata msumari hapa bila saini yangu. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Bwana Makamu," Tumpale akajibu.

Jumatano akautafuta ugonjwa. Akajaribu kompyuta nyingine: vilevile. Akabadilisha waya wa maabara: vilevile. Akachukua kompyuta yake ya mkononi, akaenda nayo chumba cha seva, akaichomeka papo hapo kwa waya mfupi. Dakika tano, kwisha! Seva nzima, kompyuta nzima. Basi ubovu uko njiani.

Akamwita Ambakisye, fundi umeme wa chuo, ambaye ndiye aliyelaza nyaya zote. Wakaegemeza ngazi, wakaufuata waya juu ya dari. Ukatoka chumba cha seva, ukapita korido, ukaingia ofisi ya Bwana Mwasote. Tumpale akabisha hodi.

"Bwana Makamu, naomba niingie niuangalie waya."

"Ofisi yangu imekuwa njia ya panya?" Bwana Mwasote akafoka bila kuinuka. "Kompyuta mpya, fundi kuukuu, na sasa fundi anatafuta wa kumsingizia! Toka!"

Tumpale akageuka kumtazama Ambakisye, labda atasema neno. Ambakisye alikuwa anaangalia viatu vyake.

Alhamisi asubuhi, wanafunzi wote wakiwa wamepanga mistari uwanjani, Bwana Mwasote akasema tena, kwa kipaza sauti mara hii: "Kompyuta mpya, fundi kuukuu! Mkifeli, mjue wa kumuuliza." Kisha akafunga ofisi yake, akatia ufunguo mfukoni, akapanda gari kwenda mkutanoni mjini. Simu akaizima.

Saa tisa alasiri Ambakisye akamfuata Tumpale chumba cha seva, jasho linamtoka.

"Dada, nisamehe. Ndani ya ile ofisi kuna kisanduku cha kugawia mtandao. Cha zamani sana, kinapitisha mambo kidogo kidogo. Makamu alitaka matundu ya kuchomekea vitu vyake, nami nikaukata waya mkuu nikakiweka katikati. Kila kinachokwenda maabara kinapita mle."

"Ulijua tangu Jumanne?"

"Nilijua."

"Nikatukanwa mbele ya wageni, nawe unajua. Nikafukuzwa mlangoni, umenishikia ngazi, unajua!"

"Aliniambia siku ile nikimwambia mtu kwamba waya mkuu umekatwa kwa ajili yake, mkataba wangu umekwisha. Huwa napewa miezi mitatu mitatu tu, dada. Sasa fanya unaloweza, muda bado upo."

Muda kweli ulikuwapo. Kompyuta saba zilikuwa tayari, zimebaki thelathini na tatu. Tumpale akaiangalia seva. Haikuwa kubwa. Akiichomoa, akiibeba hadi maabara na kuichomeka kwa waya mfupi kama alivyofanya jana, kazi yote itakwisha kabla jua halijazama, na kile kisanduku kibaki kimefungiwa mle ofisini. Akaikumbatia, akainyanyua kidogo kutoka mezani.

Ndipo sauti ya uwanjani ikamrudia. Fundi kuukuu. Akawaona wanafunzi walivyozibana midomo wasicheke. Nimwokoe Makamu? akajiuliza. Kesho apande jukwaani ashukuriwe kwa usimamizi mzuri, nami nibaki kuukuu?

Akaishusha seva palepale ilipokuwa.

"Amesema nisihamishe hata msumari bila saini yake," akamwambia Ambakisye. "Sihamishi." Akatwaa mkoba wake akaenda nyumbani.

Ijumaa saa mbili asubuhi zilikuwa tayari kompyuta tisa. Msimamizi wa mtihani akaita majina kwa mpangilio wa orodha. Tisa wakaingia, thelathini na mmoja wakabaki nje. Sekela alikuwa wa kumi na nne. Hakulia. Aliwasubiri Bwana Mwasote, Ambakisye na Tumpale mlangoni mwa utawala, na walipofika akawauliza: "Nani kanifanyia hivi?"

"Mimi ni mtu wa dawa, si mtu wa nyaya," Bwana Mwasote akasema. "Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kile kisanduku kina ubaya. Huyu aliyekiweka alijua akanyamaza. Huyu mwingine alikuwa na dawa mkononi akaenda kulala!"

"Nilinyamaza kwa sababu ulinitisha!" Ambakisye akapaza sauti, pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake. "Na mwishowe nilisema, tena kabla maji hayajamwagika. Baada ya hapo mimi ningefanya nini? Sijui kuendesha seva. Aliyejua ni mmoja tu."

"Ndiyo, nilijua," Tumpale akasema. "Siku tatu nimeitafuta ile njia, nikitukanwa kila siku. Mmoja kanifungia mlango, mwingine kanificha ukweli. Amri ilikuwa nisihamishe kitu, na mwenye amri kazima simu. Nikivunja amri nafukuzwa, nikiitii naitwa mkosaji? Nimechoka kuwa punda wa watu wanaonitemea mate!"

Sekela akamsogelea. "Mdogo wangu, mimi nilikutukana lini?"



Mwezi wa saba zahanati ikampa mtu mwingine ile nafasi, na Sekela akarudi wodini kushika dekio. Bwana Mwasote bado anasema ni Ambakisye, Ambakisye bado anasema ni Tumpale, na Tumpale, ukimuuliza, hukasirika upya.

Haya, ninyi mlionisikiliza, msiniangalie mimi. Yupo aliyeufunga mlango bila kujua ubaya uliomo ndani. Yupo aliyejua akaogopa, akasema akiwa amechelewa. Yupo aliyedhulumiwa kuliko wote watatu, na wokovu ulikuwa mikononi mwake akauweka chini. Je, ni nani aliyemnyang'anya Sekela mwaka wake?