Mganda Uliolaliwa na Bibi Yavdokha

Hapo zamani, tena si zamani ya majini na masultani bali ya njaa iliyoletwa na watu, palikuwa na kijiji katika nchi ya Ukraine. Udongo wake mweusi, ngano yake tele. Lakini watawala wa mbali walituma wapekuzi kuchukua kila punje. Wakaingia nyumba hadi nyumba na nondo zilizochongwa ncha, wakidunga sakafu, wakidunga mapaa, wakidunga hata matandiko.

Desturi ya kijiji hicho ilikuwa hii: Krismasi ikifika, mganda wa ngano husimamishwa penye picha za watakatifu, na roho za mababu huja kuketi ndani yake. Wakati wa kupanda, punje za mganda huo ndizo hutangulia ardhini, na anayezipanda ndiye atakayewapokea mababu nyumbani kwake. Sasa miganda yote ilichukuliwa, ukabaki mmoja, wa Bibi Yavdokha.

Bibi akaushonea ndani ya godoro, akaulalia, akajifanya anakata roho.

Wapekuzi wakaja. Miongoni mwao alikuwamo Kindrat, jirani yake hasa, aliyeshika nondo ili watoto wake wapate mkate. Kiongozi wao akafoka, "Dunga godoro!" Kindrat akadunga, kando tu ya ubavu wa bibi. Alipochomoa, punje zikamwagika sakafuni. Kindrat akazikanyaga kwa buti lake.

"Majani matupu," akasema. Hakuunyanyua mguu mpaka wenzake wote walipotoka.

Njaa ikazidi. Motria, mjane wa mwana wa bibi, alikuwa na binti, Orisia. Miguu ya mtoto ilivimba, sauti ikamkauka.

Motria akamwendea mama mkwe wake. "Mama, mwenye njaa hana miko. Nipe ngano."

"Akiba haiozi, mwanangu. Tukiila hii, tumewala mababu."

Motria akangoja bibi atoke kwenda kisimani. Akafumua godoro, akachota konzi moja, akapika uji. Orisia akapona.

Theluji ikayeyuka. Waliosalia wakakusanyika shambani. Mbegu yao ilikuwa hiyo tu, na mkono wa kwanza kupanda lazima uwe mmoja.

"Ni wangu," akasema Yavdokha. "Nondo ilipita kando ya mbavu zangu, nikameza kilio. Wewe Kindrat umezikausha nyumba ngapi? Na wewe Motria ni mwizi."

"Ni wangu," akasema Kindrat. "Nimewanyang'anya, kweli, na aibu inanitafuna. Lakini bila buti langu msingekuwa na cha kugombania, na wapekuzi wenzangu wangejua wangeniua. Mkininyima, nitaishije na nyinyi?"

"Ni wangu," akasema Motria. "Niliiba, ndiyo! Mama aliweza kumtazama mjukuu wake akizimika. Kindrat alikuja na hao waliotuua. Mimi nilichota konzi moja, nyingine nikaziacha, na tumbo langu likilia. Pasipo mtoto, mababu watakuja kumtembelea nani?"

Mawingu ya mvua yameshuka, udongo unangoja, mganda uko chini katikati ya watatu hao, na hakuna anayethubutu kuuinua.

Basi wewe uliyekula ukashiba, usinikimbilie na jibu. Lala na njaa kwanza, kisha njoo uniambie: mganda ule, nani alistahili?